Movi za zamani za mcheza kamari na mafia: nianze na ipi?

Mkesha: Wakuu, habari za jioni. Natafuta movi ya zamani ambayo steringi ni mcheza kamari na mafia wamemkaba koo. Nimebakiza tatu: Bob le flambeur (1956), The Gambler (1974) na The Killing of a Chinese Bookie (1976). Muda ninao wa moja tu, kesho kazini.

Kijogoo: The Gambler, hata usijiulize. James Caan ni mwalimu wa fasihi chuoni New York, anadaiwa dola 44,000. Mama yake, daktari wa watu, anahangaika mpaka anampa hela akalipe. Jamaa anaondoka nazo kwenda Las Vegas! Nilimtukana peke yangu sebuleni.

Bi Sinema: Nzuri, ila yule anayatafuta mwenyewe, mafia hawamtishi kihivyo. Mkesha, chukua The Killing of a Chinese Bookie, ya mwongozaji Cassavetes. Steringi wake, Cosmo, ana klabu ya wasichana wa kuvua nguo Los Angeles. Anamaliza deni la kamari, anavaa, anawatoa warembo wake kwenda kusherehekea, na usiku huohuo anaachia dola 23,000 kwenye poka. Usiku ule mafia wala hawampigi. Wanamsainisha makaratasi kama yuko benki, halafu baadaye wanamwambia deni litafutwa akimuua mtu. Njiani kwenda kuua gari linapata pancha, naye anaingia kwenye kibanda cha simu kuuliza klabuni shoo imefika wapi! Hapo ndipo nilipomwelewa.

Kijogoo: Mimi nilisinzia. Zile shoo za klabuni haziishi.

Bi Sinema: Uliangalia ya 1976, dakika 135. Cassavetes mwenyewe aliikata upya 1978 ikabaki 108. Mkesha, tafuta hiyo.

Mzee wa Reli: Vijana, Bob mmemruka kabisa. Mwongozaji Melville, Paris ya usiku, mzee nadhifu mwenye mashine ya kamari kabatini kwake, na inspekta wa polisi ni rafiki yake kwa sababu aliwahi kumwokoa maisha. Anapanga kuvunja sefu ya kasino ya Deauville. Mwisho wake sikuambii.

Bi Sinema: Shikamoo mzee. Bob tunampenda, lakini huyo ni jambazi mstaafu, hakuna anayemdai. Mkesha kaulizia aliyekabwa koo.

Mzee wa Reli: Marahaba. Hapo umenishika.

Mkesha: Bob imetafsiriwa na DJ yeyote?

Mzee wa Reli: DJ wa wapi! Kifaransa hicho, soma maandishi ya chini.

Mkesha: Basi leo Cosmo, ile ya 108. Bob Jumamosi.

Kijogoo: Andaa kahawa.