Tarehe 25 Desemba imetoka wapi?

Mama wa Bagamoyo: Shikamooni wakubwa. Tukipanga pango la Noeli, nyasi kavu mikononi, mwanangu kaniuliza: Biblia imeandika wapi tarehe 25? Nimjibuje?

Katekista mstaafu: Marahaba mwanangu. Haikuandikwa popote. Kumbukumbu ya zamani zaidi tuliyonayo ya Noeli kuadhimishwa tarehe hiyo ni ya Roma, mwaka 336. Ila msimulie habari ya pango lenyewe, ni tamu mno! Mwaka 1223 Mtakatifu Fransisko wa Asizi aliandaa hori kijijini Greccio, Italia, na ng'ombe na punda walio hai, watu wakaja usiku na mienge.

Jirani wa Tanga: Wakopti, yaani Wakristo wa kanisa la kale la Misri, husherehekea Noeli Januari 7, kalenda yao tofauti. Huku kwetu pilau ikiiva tu, sahani ya kwanza inakwenda kwa majirani zetu Waislamu.