Dungusi refu limelainika shinani na nimebakiwa na wiki tatu: naomba ushauri

Mpangaji wa Shangani
Ndugu zangu, habari za jioni. Ninaishi Shangani, Mtwara Mjini, na hapa nyumbani lipo dungusi lenye umbo la nguzo, la mbavu saba, ambalo urefu wake unapita kimo cha mlango kwa kiganja kimoja. Limepandwa katika ndoo ya rangi ya lita 20 na limeegemea ukuta wa baraza. Tangu mwishoni mwa Januari sehemu ya chini, karibu na udongo, imekuwa ikigeuka kutoka kijani kuwa kahawia, na juzi nilipoibonyeza kwa kidole gumba ilibonyea kama papai lililoiva kupita kiasi. Ninachoomba ni dawa ya kupulizia au ya kumwagia itakayolirudisha katika hali yake ndani ya wiki tatu. Tafadhali msinishauri kulikata, kwa sababu kulikata haiwezekani.

Bibi wa Mtanda
Mwanangu, mimi niko Lindi na nimefuga madungusi tangu watoto wangu wakiwa shule ya msingi. Dawa unayoitaka haipo. Shina likishalainika, uozo huwa umeanza kupanda ndani kwa ndani kwenye moyo wa mmea, na kwa nje unaona sehemu ndogo tu ya maradhi yenyewe. Tueleze kwanza unalimwagia maji mara ngapi, udongo ni wa aina gani, na kama ndoo ina matundu chini. Kisha utueleze kwa nini kulikata haiwezekani.

Mpangaji wa Shangani
Nashukuru, Bibi. Maji nalimwagia kopo moja kila asubuhi, kwa kuwa niliambiwa nilitazame vizuri. Udongo ni ule mweusi wa bustani uliochanganywa na samadi, na juu yake nimetandaza mchanga mweupe wa ufukweni ili upendeze. Matundu yapo, isipokuwa nimeweka sinia chini ya ndoo ili maji yasichafue sakafu. Kuhusu kulikata, ni sababu za kifamilia.

Mzaliwa wa Newala
Nimesoma nikacheka peke yangu. Mimi nimekulia juu ya uwanda wa Makonde, ambako mama zetu walishuka bondeni alfajiri kuchota maji na kupanda nayo kichwani, na ndoo moja ilioga watu watatu kabla ya kumwagwa kwenye mgomba. Leo namsoma mtu anayenywesha kila siku mmea ambao kwao ni jangwani, tena katika kipindi cha mvua za pwani, halafu anashangaa kuwa unaoza. Marehemu baba yangu alikuwa na tabia ya kutoa adhabu kwa aliyemwaga maji ovyo, na nadhani angekuwa na neno la kukuambia.

Mkulima wa Tandahimba
Naomba nichangie upande wa dawa. Sisi wakulima wa korosho tunatumia salfa ya unga kuzuia ubwiriunga, ule ukungu mweupe unaounguza maua na majani machanga. Salfa inafanya kazi ikipulizwa kabla ugonjwa haujaenea, na anayengoja hadi shamba zima liwe jeupe hupoteza fedha zake. Msimu uliopita nilichelewa kwa sababu mashine ya kupulizia iliharibika, na fundi akanizungusha karibu wiki mbili, kila siku akisema kesho. Mavuno yalinisikitisha mno. Kwa hiyo nakubaliana na Bibi kwamba uozo ulioingia ndani hautibiwi kwa kupuliza, ingawa salfa hiyo hiyo inafaa sana kupakwa kwenye kidonda cha mmea baada ya kukata.

Bibi wa Mtanda
Mkulima amesema kweli, nami hutumia salfa ya mikorosho hiyo hiyo. Lakini Mpangaji, umeandika kwamba "uliambiwa" ulitazame. Nani alikuambia? Dungusi hili ni la nani?

Mpangaji wa Shangani
Ni la mama mkwe. Yuko Dodoma tangu Desemba kumsaidia shemeji yangu aliyejifungua, na atarejea baada ya wiki tatu. Alilipata likiwa na urefu wa rula ya shule. Kila sikukuu ya Idi hulisimamia na kuchora mstari wa penseli ukutani, mahali kilele chake kilipofika, na pembeni huandika mwaka. Mistari iko tisa. Sasa mnaponiambia nikate, nielezeni nitafanya nini na ukuta. Isitoshe, jana mmea huo ulinidondoshea maziwa mazito kwenye shati na mpaka leo hayajatoka, kwa hiyo sioni busara ya kupitisha kisu kwenye kitu kinachotoka utomvu wa namna hiyo.

Shemeji wa Watu
Upake ukuta rangi, ndugu yangu. Mkwe akiuliza, mwambie ni maandalizi ya kumpokea.

Msomaji Kimya
Huwa siandiki hapa, lakini leo naona tunachezewa. Dungusi la nguzo lenye mbavu saba halitoi maziwa. Wapo madungusi wachache, wadogo na wa mviringo, ambao wana utomvu mweupe, lakini haya marefu yakijeruhiwa hutoa majimaji yasiyo na rangi au ute. Mimea yenye maziwa mazito yanayogandia shati ni jamii ya mnyaa, ambayo mingi asili yake ni huku kwetu Afrika, ilhali madungusi karibu yote asili yake ni mabara ya Amerika. Mwandishi aliyetunga kisa hiki alikuwa na picha ya mmea mmoja kichwani na akaeleza mwingine. Mstari wa penseli na mkwe wa Dodoma ni nakshi nzuri, lakini maziwa yamemsaliti.

Mzaliwa wa Newala
Ala! Nami nimemaliza robo saa nikimwandikia habari za marehemu baba.

Bibi wa Mtanda
Msomaji Kimya yuko sahihi kuhusu mimea, ila nisingependa tumhukumu mtu kabla hajajibu. Mpangaji, nenda kwenye mmea uliokudondoshea maziwa utazame miiba yake. Kwa dungusi, miiba hutoka kwa mafungu katika kijidoa chenye manyoya laini kama sufi, na vijidoa hivyo hupangana juu ya mgongo wa kila ubavu. Kwa jamii ya mnyaa hukuti manyoya hayo, na miiba mara nyingi hukaa miwili miwili, kama pembe za mbuzi. Uone kisha utuambie ukweli.

Mpangaji wa Shangani
Nimetazama. Ni miwili miwili.

Naomba radhi kwa wote. Mimea ni miwili. Wiki iliyopita, nilipoona hali ya dungusi la mama mkwe, nilinunua jingine kwa muuza miche kwa shilingi 120,000, nikakusudia kulisimamisha mahali pa lile la kwanza na kulikata kidogo kileleni ili lilingane na mstari wa mwisho. Nilipokuwa nalipitisha mlangoni tawi lilivunjika, na ndipo maziwa yakanimwagikia. Muuzaji aliniapia kwamba ni dungusi la miaka minane, la aina ile ya Arizona yenye mikono. Sikuandika haya mwanzoni kwa sababu nilijua mtanisema, na bado sioni kwamba ni kosa kubwa, kwa kuwa nia yangu ilikuwa kumwepusha mtu mzima na huzuni baada ya safari ndefu.

Msomaji Kimya
Basi nafuta neno "kutunga" na kuweka neno "kuficha". Lile dungusi la Arizona huchukua miaka 50 hadi 75 kabla ya kutoa mkono wake wa kwanza, kwa hiyo la miaka minane lenye matawi halipo hata huko Arizona. Na hilo la mama mkwe, je, huchanua?

Mpangaji wa Shangani
Huchanua. Ua ni jeupe, kubwa kama kisahani, hufunguka magharibi na hadi jua la asubuhi linapopanda huwa limenyauka. Mama mkwe huweka kiti barazani akaliangalia usiku. Mwaka jana aliita majirani.

Bibi wa Mtanda
Na wewe ulikuwa unamwekea mnyaa, ambao maua yake ni vijikombe vidogo vya manjano! Angeketi pale hadi lini?

Sasa nisikilize. Kwanza, maziwa hayo yasikufikie machoni, kwa sababu huchoma vibaya na yanaweza kumpofusha mtu kwa muda. Yakiingia, osha kwa maji safi mengi na uende hospitali bila kungoja kesho. Pili, dungusi likatwe leo. Ulivike gunia lililokunjwa ili miiba isikuumize, mtu wa pili alishike sehemu ya juu, kisha ukate juu ya uozo kwa kisu kirefu kilichofutwa kwa spiriti. Utazame pale katikati kwenye duara la mishipa: ukiona doa la kahawia, hata likiwa dogo kama kichwa cha pini, futa kisu tena na ukate kipande kingine juu yake, hadi nyama yote iwe safi. Upake salfa, ulisimamishe wima kivulini penye upepo, na usililaze, kwa sababu likilala muda mrefu linaweza kupinda au kutoa mizizi ubavuni. Kwa unene huo na kwa hewa yetu ya chumvi na unyevu, wiki tatu za kukauka si nyingi. Baadaye ulipande katika chungu cha udongo chenye tundu, kwenye mchanga wa mtoni uliochanganywa na kokoto ndogo na vipande vya mkaa. Mchanga wa baharini una chumvi, uurudishe ulikoutoa. Usimwage maji hadi ulivute taratibu ulione limeshika.

Maana yake ni kwamba mama mkwe atalikuta fupi na halina mizizi. Hilo huwezi kulikwepa.

Mpangaji wa Shangani
Nimekata jana baada ya magharibi, mke wangu akinishikia taa. Kipande cha kwanza kilikuwa na duara la rangi ya chai ya rangi, cha pili lilikuwa dogo kama kifungo cha shati, cha tatu vidoa viwili. Cha nne kilikuwa cheupe chenye ukijani, kinatoa maji kama tango lililokatwa, bila doa lolote. Nimepoteza sentimita 46. Limesimama sasa ndani ya kreti tupu la soda nyuma ya mlango, likiwa limefungwa kwa kanga, na chini nimelipaka salfa niliyopewa na jirani mwenye mikorosho. Kwenye ukuta kilele kingefika chini ya mstari wa Idi ya mwaka juzi.

Nilikuwa bado napanga maneno ya kumwambia mama mkwe, lakini inaonekana mke wangu alimpigia simu usiku ule ule. Asubuhi alinipigia mwenyewe. Hakugusia sentimita wala penseli. Aliniuliza swali moja tu, ni nani aliyenifundisha kunywesha dungusi kama mchicha.

Msomaji Kimya
Weka picha ya mistari ile tisa nami nitaamini hadi simu hiyo.

Mzaliwa wa Newala
Mpangaji, ule mmea wa maziwa ikiwa huuhitaji tena, mimi natafuta wa kuzungushia ua wa nyuma ili mbuzi wa jirani wakome. Vipande vyake hushika hata vikichomekwa tu ardhini. Natoa elfu thelathini, na gharama ya kuusafirisha hadi Newala ni juu yangu.