Apu ya muziki ninayoilipia yazidi kuharibika kila ikisasishwa. Ni mimi peke yangu?

Wana jukwaa, salamu. Uzi huu ni wa hasira, asiyetaka kelele apite.

Kuna huduma moja ya muziki wa mtandaoni ninayoitolea pesa kila mwezi, ile ya kulipia isiyo na matangazo. Jina silitaji, lakini anayeitumia ataitambua kabla hajafika katikati. Nilipoanza kuilipia ilikuwa na kazi moja: natafuta wimbo, naupata, naupakua, nausikiliza. Leo imejazwa madoido ya kila aina na kazi hiyo moja ndiyo imewashinda.

Nianze na lililonichoma. Nakaa Likoni, kazini kwangu ni Shimanzi. Foleni ya feri jioni mnaijua: jasho, kusukumana, mtu kakukanyaga wala hageuki, na mtandao unakatika kwa sababu umma wote ule umeshika simu. Ndiyo maana nyimbo nazipakua nyumbani kwa waifai. Juzi nafungua apu, orodha yangu yote imegeuka kijivu. Chini kijimstari: "Unganisha intaneti ili kuendelea." Nikawasha data, nikidhani itanitambua tu inifungulie. Kumbe usiku ilikuwa imejisasisha, ikafuta kila nilichopakua, ikarudisha mipangilio yote ilivyokuwa siku ya kwanza, na sasa yaanza kupakua upya kwa bando langu, kwa ubora wa juu kabisa, bila kuniuliza. Kufika ng'ambo, ujumbe ushaingia: bando limekwisha.

Pigeni hesabu nami. Muziki wa kilobiti 320 kwa sekunde unakula MB 2.4 kila dakika. Wa kilobiti 96 haufikishi hata MB moja. Msikilizaji wa nyimbo za dakika tatu huenda asihisi kitu. Mimi ni mtu wa taarabu. Wimbo mmoja dakika 14. Udi unatangulia peke yake, fidla inaitika, na mwimbaji hata hajafungua mdomo dakika mbili zishapita. Wimbo huo ni MB 34 kwa ubora wa juu, na MB 10 kwa ule wa chini niliokuwa nimeuchagua kwa mkono wangu. Halafu rekodi yenyewe ilitolewa kwenye kaseti! Mkanda uliorudufiwa mara ngapi sijui, una mchakacho mwanzo hadi mwisho, hauwi mpya kwa kuwa umewekwa kwenye kilobiti 320. Nalipishwa bando zaidi nisikie mchakacho vizuri.

Najua kuna mjuaji atakuja na "soma masharti". Nimesoma. Najua nyimbo nilizopakua si mali yangu, ni faili zilizotiwa kufuli, na apu lazima iwasiliane na makao yake kila muda kuhakikisha bado nalipa. Spotify, kwa mfano, wanasema wazi kwamba ni angalau mara moja kila siku 30. Hilo sina neno nalo. Lakini mimi niko mtandaoni kila usiku, nimelipa, sina deni la mtu, na bado mwanifutia. Kosa langu ni lipi?

Tuje kwenye ukurasa wa mwanzo. Ukifungua sasa, kitu cha kwanza ni video ya mtu anacheza. Ukishuka, podikasti. Ukishuka tena, vitabu vya kusikiliza. Halafu kuna huyo DJ wa akili bandia anayeropoka kati ya nyimbo kama makanga aliyelipwa kwa neno. Maktaba yangu, nyimbo nilizozikusanya mwenyewe miaka nenda miaka rudi, imesukumwa nyuma ya kitufe kidogo kwenye kona, na kila toleo jipya kona inabadilika.

Ramadhani ndipo nilipojua kwamba hawa watu hatumo akilini mwao kabisa. Mamangu hupenda kasida baada ya kufuturu. Nikamwekea kwenye spika, mimi nikaenda zangu tarawehe. Orodha ikaisha. Zamani ikiisha inanyamaza, mambo yamekwisha. Sasa kuna kinachoitwa mwendelezo, apu inajichagulia yenyewe wimbo wa kufuata. Ikachagua. Mamangu Kiingereza chake si kingi lakini matusi anayajua, na sebuleni walikuwa wameketi wageni na vikombe vya kahawa, mmoja wao ami yangu anayesomesha madrasa. Nilipigiwa simu nikiwa ndio kwanza natafuta viatu mlangoni pa msikiti. Kitufe hicho nilikuwa nimekizima zamani. Sasisho likakiwasha. Wallahi mpaka leo ami akija nyumbani anaitazama ile spika kwanza ndipo anaketi.

Haya, kutafuta sasa. Hapa ndipo penye kidonda chenyewe.

Andika Juma Bhalo, mwimbaji wetu wa taarabu, unapewa ukurasa wenye nyimbo chache. Andika Juma Balo, unapewa ukurasa mwengine, hauna hata picha. Andika jina lake refu, Mohamed Khamis Juma Bhalo, waja wa tatu. Mtu mmoja, sauti moja, kurasa tatu ambazo hazijuani. Ukimfuata kwenye mmoja, nyimbo zake zilizoko kwenye mwengine huzioni. Marehemu alifariki 2014, hawezi kuja kuwarekebishia. Zein l'Abdin, mwimbaji na mpiga udi, ndio mtihani zaidi: kuna mwenye alama ya juu baada ya l, kuna Labdin asiyekuwa nayo, kuna waliomweka chini ya kikundi chake, Zein Musical Party, na wote wamehesabiwa watu mbalimbali. Tafuta Malika, apu inakusahihisha eti ulimaanisha Malaika. Mimi nataka kumsikiza Malika wa taarabu, sina haja ya malaika saa hizi.

Chanzo nakifahamu. Siku hizi kila rekodi inatakiwa iwe na namba yake, ISRC, yenye herufi na tarakimu 12, na jina la msanii huja vile alivyoliandika aliyeipakia. Mikanda iliyouzwa hapa Mombasa na duka la Mbwana Radio Service na wenzao haikuwa na mambo hayo. Jina lilikwenda kwenye karatasi ya jalada vile alivyopenda mwenye kalamu siku ile. Miaka baadaye akatokea mtu na kompyuta, akapakia upande A mzima kama wimbo mmoja wa nusu saa, akauita "01", basi. Sawa, kosa la kwanza si la apu. Lakini mnajisifu kwamba mitambo yenu inajua nitapenda nini Jumatatu asubuhi kabla mimi mwenyewe sijajua, mnashindwaje kutambua kwamba Bhalo na Balo ni mtu mmoja? Nimewatumia ripoti, nikaambatisha picha za majalada ya kaseti za marehemu babu, jina linasomeka. Jibu: "Asante kwa maoni yako. Tafadhali wasiliana na mmiliki wa maudhui." Mmiliki yupi? Aliyepakia hana jina wala anwani.

Kuna na ule ufifishaji, wimbo unakatwa mwisho huku mwengine ukiingia juu yake. Kwa muziki wa klabu ni sawa. Kwa taarabu mwaniua.

Kwa nini hawajali? Nadhani jibu liko kwenye mfumo wa malipo, na hapa sizungumzii apu moja tu. Kwa Spotify, wimbo huhesabiwa umesikilizwa ukifikisha sekunde 30. Maana yake kipande cha sekunde 40 na wimbo wa dakika 14 vinahesabiwa kitu kimoja. Na tangu 2024, rekodi isiyofikisha kusikilizwa mara 1,000 ndani ya miezi 12 haiingizwi kwenye mgao. Ukizigawa nyimbo za mzee mmoja kwenye kurasa tatu kwa sababu ya herufi moja, wasikilizaji wenyewe ni sisi wachache wa Pwani na ndugu zetu walioko Ughaibuni, watazifikia wapi hizo 1,000? Zaidi ya hapo pesa yangu haimwendei ninayemsikiliza. Kwa huduma nyingi kubwa inaingia kwenye mfuko mmoja, ukagawanywa kwa kufuata nani amesikilizwa zaidi na watu wote. Nasikiliza taarabu mwezi mzima, pesa yangu inamlipa kijana wa Marekani nisiyemjua. SoundCloud walianza 2021 kuwagawia baadhi ya wasanii kwa kufuata kile kila msikilizaji anachokisikiliza, kwa hivyo msije mkaniambia haiwezekani.

Na wakitaka kusikia, wanasikia. Mwaka huohuo wa 2021 Adele, mwimbaji wa Uingereza, alisema albamu isikilizwe kwa mpangilio aliouweka msanii, na Spotify wakakiondoa kitufe cha kuchanganya nyimbo kisiwe cha kwanza kwenye ukurasa wa albamu. Mtu mmoja kasema, kitufe kikahama. Sisi hapa tumeandika mpaka vidole vyauma, tunajibiwa na roboti anayetupongeza kwa kuwasiliana naye. Nilimuuliza kuhusu nyimbo zilizofutwa, akanishauri niifute apu na niisakinishe upya. Yaani nifute na zilizobaki!

Ninachotaka si kikubwa. Sasisho lisiguse nilichopakua wala mipangilio yangu. Kupakua kwa data kuwe kumezimwa mpaka niwashe mimi. Orodha ikiisha, inyamaze. Na wawe na mtu, binadamu, anayejua muziki wa Pwani, akae na haya majina ayaoanishe. Kazi ya mtu mmoja tu, tena vijana wanaoijua wako tele mtaani hawana ajira. Hiyo ya DJ wa akili bandia imekula pesa ngapi?

NYONGEZA: Naona majibu yameanza. Ndugu uliyesema ninunue flashi nijazie nyimbo kwa kijana wa kibanda, flashi ninayo, ila mpiga udi au watoto wake wanapata nini? Mimi nalipa kwa sababu nataka walipwe. Dada uliyetaja Mdundo, ahsante, kule unapakua MP3 yenyewe na hakuna kufuli la kukugeuzia kijivu, nitajaribu, lakini taarabu ya zamani yenyewe ipo kwa wingi? Boomplay pia nimeambiwa. Kaka wa Kisauni mwenye tatizo kama langu, zima masasisho ya usiku kwanza: nenda kwenye duka la apu, chagua hiyo apu, ondoa alama ya kujisasisha. Uisasishe kwa hiari yako ukiwa nyumbani kwenye waifai, kisha upitie mipangilio yote kabla hujatoka.

Na anayejua namna ya kuhamisha orodha nzima kwenda huduma nyingine bila kuandika wimbo mmoja mmoja, aeleze hapahapa na si inboksi, ili wengine nao wasome. Malipo yangu yanakatwa mwisho wa mwezi na safari hii sitaki yakatwe.