Kuhamisha faili kati ya kompyuta mbili nyumbani: folda ya pamoja, diski au programu?

PichaTabata
Habari za humu wakuu. Nahariri video za harusi nyumbani, Tabata. Nina desktopu ya Windows 11, na mdogo wangu anapangia picha kwenye laptopu ya zamani ya Windows 10. Harusi moja ni GB 60 hivi. Nimeshea folda, lakini laptopu haiioni desktopu. Juzi, kabla ya kubadilishiwa ruta, iliiona ikaomba neno la siri. Nikaweka PIN ninayofungulia kila siku, ikakataa. Flashi nayo inagoma faili kubwa wakati nafasi ipo tele. Nipambane na folda, ninunue diski ya nje, au nipandishe mtandaoni?

Fundi_Waya
Mtandaoni sahau. Upandishe GB 60, mdogo wako azishushe tena: bando linaliwa mara mbili kwa safari ya sebuleni hadi chumbani!
Flashi yako bila shaka ni FAT32, mfumo wa zamani wa kupanga faili, haipokei faili moja inayozidi GB 4. Ifomati exFAT, ila hamisha vilivyomo kwanza, vitafutika. Diski ya nje kwa dharura sawa. Ikiwa ndiyo njia ya kila siku, mtaanza kubishana nakala ipi ndiyo ya mwisho.

MamaSeva
Mdogo wangu, PIN ni ya mashine hiyohiyo tu, haipiti mtandaoni. Kwenye desktopu tengeneza akaunti ya kawaida yenye neno la siri, kisha uipe ruhusa ya folda sehemu zote mbili, ya kushea na ya usalama. Wengi wanaruhusu moja halafu wanalaumu Windows.
Angalia pia kama mtandao umewekwa kuwa binafsi au wa umma. Ukiwa wa umma, mashine inajificha. Halafu achana na kutafuta kwa jina: andika ipconfig kwenye Command Prompt ya desktopu, usome namba ya IP (anwani yake kwenye mtandao), uiandike kwenye laptopu hivi: \\192.168.1.5 (weka yako). Ikifunguka kwa namba, folda haina kosa, kinachosumbua ni majina.

Dogo_Mbagala
Mimi niliwasha SMB1, ile njia ya zamani ya Windows ya kushea folda, ikakubali fasta.

MamaSeva
Itakubali, na kirusi cha WannaCry cha Mei 2017 kilisambaa kupitia udhaifu wa hiyohiyo SMB1. Windows 10 na 11 zina SMB mpya, zinaelewana zenyewe. Usiwashe.

Linux_Kino
Mimi folda za kushea nilishazipa talaka. Faili za mara moja natuma kwa programu ya LocalSend, folda ya kazi naiachia Syncthing iilinganishe kwenye mashine zote, na mkiwa kwenye ruta moja hazili bando. Ubaya wa Syncthing: mdogo wako akifuta kwake, na kwako inafutika. Pia kila mashine inabeba GB 60 zake.

PichaTabata
Nimerudi. Akaunti nimetengeneza, mtandao ni binafsi. Kwa IP haifunguki. LocalSend nayo haioni kitu.

Fundi_Waya
Njia mbili tofauti zikigoma pamoja, acha Windows, mkamate ruta. Ruta nyingi zinaweza kuvitenganisha vifaa vya waifai visionane, na mtandao wa wageni kazi yake ndiyo hiyo. Intaneti inapita kama kawaida, kwa hiyo hushtuki. Hebu soma jina la waifai mliyounganishwa.

PichaTabata
Jamani! Kaka aliyefunga ruta alibandika ukutani neno la siri la wageni, na sote tumelitumia. Nimehamia waifai kuu, folda imefunguka kwa IP. Ila kasi ni MB 4 kwa sekunde.

Fundi_Waya
Hiyo ni zaidi ya saa nne kwa harusi moja. Vuta waya. Matundu ya ruta za bei rahisi mara nyingi ni ya megabiti 100, utapata MB 11 hivi kwa sekunde. Mashine zote zikiwa na tundu la gigabiti (megabiti 1,000), ziunganishe moja kwa moja kwa waya wa Cat5e, utakaribia MB 110 kama diski zinahimili. Ukinunua Kariakoo waambie waupime pale dukani: zikishika nyaya nne tu kati ya nane, gigabiti sahau. Mkiunganisha hivyo, IP zitaanza na 169.254, na Windows itauita mtandao wa umma. Ubadilishe.

Linux_Kino
Kazi yote hiyo, LocalSend sasa ingeshamuona.

Fundi_Waya
Ingemuona, kwa MB 4 zilezile.

PichaTabata
Nimeunganisha moja kwa moja, MB 11.

MamaSeva
Fungua hali ya mtandao wa waya kwenye laptopu. Inasoma kasi gani?

PichaTabata
Megabiti 100. Kumbe kikomo ni tundu la laptopu yenyewe, au waya. Haya, saa moja na nusu si nne. Nimeiacha inakopi tukale, TANESCO wasituzimie tu.