Ndege weusi wenye paji jeupe ziwani Naivasha, na mnana anayebomoa kiota chake

Mkazi wa Kusini mwa Ziwa (swali)

Salamu kwenu wapenzi wa ndege. Nimehamia karibuni upande wa kusini wa Ziwa Naivasha, katika nyumba ambayo uwanja wake unateremka hadi kwenye mafunjo, na ninaomba msaada wa kuwatambua ndege watatu.

Wa kwanza ni ndege weusi waogeleao makundi makundi, ambao jirani zangu huwaita bata, ingawa mdomo wao ni mfupi na mweupe, na weupe huo hupanda hadi kwenye paji la uso. Wa pili ni ndege mkubwa wa rangi ya kahawia mwenye doa jeusijeusi kuzunguka jicho, ambaye hutua juu ya paa alfajiri akiwa na mwenziwe na kupiga kelele zisizovumilika. Wa tatu ni mnana wa manjano waliojaa kwenye mgunga ulio mbele ya baraza. Hao nawafahamu kwa jina, lakini nimeshangaa kumwona dume akikibomoa kiota alichokisuka mwenyewe, unyasi mmoja baada ya mwingine, hali hakuna adui aliyekigusa. Je, ana ugonjwa?

Mpitia Mafunjo

Ndugu Mkazi, karibu Naivasha. Ndege wako weusi si bata hata kidogo. Ni jamii ya kukuziwa, na kwa jina la kisayansi huyu huitwa Fulica cristata. Ukimpata karibu wakati wa kuzaa, utaona vinundu viwili vyekundu juu ya lile paji jeupe. Nje ya msimu huo vinundu hunywea na ni vigumu kuviona hata kwa darubini. Akipanda ufukweni mtazame miguu. Bata ana utando unaounganisha vidole, lakini huyu kila kidole chake kinajitegemea, nacho kina vipande bapa vya ngozi pembeni vinavyomsaidia kupiga kasia majini na pia kutembea juu ya matope bila kuzama.

Hata hivyo, mimi humtambua kwa mwenendo kabla ya kuiona rangi, kwa sababu jua la asubuhi likiwa nyuma yao ndege wote wa majini huonekana weusi. Bata wengi wa hapa huruka moja kwa moja kutoka majini, ilhali kukuziwa huyu hulazimika kukimbia juu ya maji umbali mrefu, akipiga mabawa na kurusha matone, ndipo anyanyuke. Ni mgomvi pia: madume wawili wakikutana kwenye mpaka hujiegemeza nyuma na kupigana mateke. Na ukiwaona wamesongamana ghafla na kuwa kundi moja zito, inua macho juu, kwani mara nyingi furukombe, yule tai mla samaki, anapita, naye hapa Naivasha hawadharau kukuziwa samaki wanapokuwa haba.

Chakula chake kikuu ni majani yaotayo chini ya maji, na hapo ndipo historia ya ziwa inapoingia. Mwaka 1970 waliletwa kamba wekundu wenye asili ya Louisiana, Marekani, ambao waliongezeka na kuyafyeka majani hayo, na kukuziwa waliokuwa wakihesabiwa kwa maelfu wakapungua mno. Tangu hapo idadi yao hupanda na kushuka pamoja na majani. Kwa hiyo makundi unayoyaona yanakuambia jambo kuhusu hali ya maji yaliyo chini yao.

Mkazi wa Kusini mwa Ziwa

Nashukuru sana kwa maelezo. Nimerudi kutazama, nami nimegundua kwamba miongoni mwao wamo wachache wanaokaa pembezoni mwa mafunjo, wenye mstari mweupe ubavuni, ambao hutikisa mkia juu na chini kila wanapoogelea. Baadhi yao wana paji jekundu, wengine hawana. Je, hao ni makinda ya wale?

Mpitia Mafunjo

La, hao ni kukuziwa wa aina nyingine, Gallinula chloropus. Aliyekomaa ana paji jekundu na mdomo mwekundu wenye ncha ya manjano. Makinda yake hayana wekundu huo, lakini mstari wa ubavuni wanao, na weupe wa chini ya mkia unaomulika wanapoutikisa wanao pia. Makinda makubwa ya Fulica huwa na rangi ya kijivu yenye weupe usoni na kifuani, bila mstari wowote. Tena huyu wa mkia si mwogeleaji wa maji mapana. Akishtuka hukimbilia mafichoni, wakati mwenzake huelekea katikati ya ziwa.

Mtunza Bustani

Kuhusu paa: huyo ni bata bukini wa Misri. Dume hutoa sauti ya kufoka kama pumzi nzito, na zile kelele kubwa ni za jike. Huenda wanatafuta mahali pa kutagia, maana hutaga hata juu ya miti, katika viota vikuukuu vya ndege wengine, hasa lile rundo kubwa la vijiti la fundichuma.

Mnana wako hana ugonjwa wowote. Tazama jicho la dume: likiwa jeupe la krimu na mgongo ukiwa na madoa ya manjano na nyeusi, ni mnana wa Speke, ambaye ni wa kawaida sana Naivasha. Kwa mnana waishio kwa makundi, dume husuka kiota kwa majani mabichi, kisha huning'inia chini yake akipiga mabawa ili majike waje kukagua. Jike huingia ndani, huvutavuta nyasi, akiridhika hukaa. Asiporidhika yeyote, kiota hukauka na kugeuka kahawia, na nyasi kavu hazina mvuto tena, hivyo dume hukifumua ili apate nafasi ya kusuka kipya kwenye tawi lilelile. Utaona pia wanachuma majani yote karibu na viota. Mti unakuwa mbaya, sikatai, lakini nyoka hukosa pa kujificha.

Mkazi wa Kusini mwa Ziwa

Basi hapo pana shida, kwa kuwa mwenye nyumba anataka kuyakata matawi hayo kwa ajili ya uchafu barazani.

Mtunza Bustani

Mwombe asubiri kwanza. Keti chini ya mti asubuhi na uwatazame majike: anayeingia na wadudu mdomoni ana makinda ndani, na anayeingia bila kitu na kukawia huenda analalia mayai. Viota vya kahawia visivyoingiwa na yeyote vinaweza kuondolewa bila madhara. Lile tawi lililo juu ya baraza likatwe baada ya makinda kuruka, kabla madume hawajaanza tena kuleta majani mabichi.