Kipokezi cha erithropoietini huongezaje damu?

Swali

Ndugu zangu, mama yangu husafishwa damu kwa sababu ya ugonjwa wa figo, naye huchomwa sindano ya erithropoietini. Muuguzi alinieleza kwamba dawa hiyo huamsha uboho, yaani ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu. Je, homoni hiyo huingia ndani ya seli, au huishia nje? Na kwa nini damu yake haikupanda mara moja?

Jibu la kwanza

Pole kwa kuuguza, dada. Homoni hiyo, ambayo kwa kawaida hutengenezwa na figo, haiingii ndani. Seli changa za uboho zina vipokezi vilivyochomoza kwenye utando wake, na homoni moja hushika viwili kwa pamoja. Upande wa ndani, kila kipokezi kimeshikana na kimeng'enya cha JAK2. Homoni ikinasa, vimeng'enya hivyo huamshana na kubandika fosfeti kwenye mkia wa kipokezi, kisha protini ya STAT5 hujishikiza hapo kabla ya kwenda kwenye kiini kuwasha jeni, zikiwemo zinazoizuia seli isijiue. Kwangu mimi, hapo ndipo penye uzito: uboho haukulala, bali seli changa nyingi hufa kwa kukosa homoni, na sindano huziokoa. Zilizookolewa bado zinahitaji siku kadhaa kukomaa, ndiyo maana hemoglobini, yaani protini nyekundu ya damu inayobeba oksijeni, huanza kupanda baada ya wiki mbili hadi sita.

Jibu la pili

Naomba kuongezea kuhusu jinsi ishara hiyo ya kipokezi inavyozimwa. Mkia huohuo una mahali pa kushikia kimeng'enya cha SHP-1, ambacho huzima ishara hiyo. Eero Mäntyranta wa Ufini, aliyepata medali saba za Olimpiki katika mbio za kuteleza kwenye theluji, alizaliwa na kipokezi chenye mkia mfupi, uliopungukiwa asidi amino 70, kama watafiti walivyobaini mwaka 1993. Ishara ilikawia kuzimika, hivyo hata homoni kidogo ilitosha, na hemoglobini yake ilizidi gramu 200 kwa lita.

Jibu la tatu

Mimi ni mtu wa maabara. Kipokezi huiokoa seli, lakini hakiipi madini ya chuma, na bila chuma hemoglobini haitengenezwi hata sindano zikiongezwa. Je, mama amepimwa feritini, yaani protini inayohifadhi chuma mwilini?

Muuliza swali

Nawashukuru sana. Nimeifungua kadi yake sasa hivi: hemoglobini imetoka gramu 7.9 hadi 9.4 kwa desilita, lakini mstari wa feritini uko wazi. Kesho nitamuuliza daktari.