Kalkuleta yaniletea eror kwenye kwadratiki, nimekosea wapi?

Binti_Langoni
Asalam aleikum. Jamani niko Fomu 3 hapa Lamu, kesho tuna mtihani mdogo wa hesabu. Mwalimu katuachia 2x² − 7x − 3 = 0 tufanye kwa fomula maana kwa faktari haitoki. Fomula naijua kwa moyo, x = (−b ± √(b² − 4ac)) / 2a, a ni 2, b ni −7, c ni −3. Sasa nikiingiza −7² − 4×2×−3 napata −25 na nikibonyeza ruti inaandika eror. Mwenzangu naye kapata 9.136 na tukiirudisha kwenye swali haitoki sifuri. Tangu baada ya Isha niko na swali hili moja, nisaidieni.

Mkomani_hesabu
Waaleikum salaam dadangu. Fomula iko sawa, shida ni mabano. Ukiandika −7² hivyo hivyo kalkuleta inaskwea 7 kwanza halafu ndio inatia alama ya kutoa, kwa hivyo unapata −49. Lakini b yako ni −7 pamoja na alama yake, andika (−7)², ni 49. Sasa 49 + 24 = 73, ruti yake 8.544. Na kule mwanzo −b ni −(−7) yaani 7, hapo pia wengi huanguka. Basi x = (7 + 8.544)/4 = 3.886, au (7 − 8.544)/4 = −0.386. Vijana ninaowasomesha huwaambia waandike mabano matupu kwanza, −( ) ± √(( )² − 4( )( )), namba zije baadaye, hata b ikiwa chanya.

Shela_Ufuoni
Na huyo mwenzako kagawanya ruti peke yake, 8.544/4 ni 2.136, akajumlisha 7. Ule mstari wa kugawanya upite chini ya vyote viwili, uchoreni mrefu. Ile 9.136 ukiirudisha inaleta karibu 100, mmefanya vizuri sana kuirudisha.

Fundi_Malindi
Mwanangu mimi shule nilimaliza zamani lakini hii fomula sikuielewa mpaka nilipoona inatoka wapi, kuna mwanachuoni al-Khwarizmi alikuwa Baghdad karne ya 9, neno aljebra limetoka kwenye jina la kitabu chake, na swali lake moja ni x² + 10x = 39. Sasa chukua mkeka wa mraba kila upande x, hizo 10x zigawe ukili mbili (vipande virefu vya mkeka) zenye upana wa 5, moja ishone ubavuni moja ishone chini, utaona pembeni pamebaki tundu la 5 kwa 5, ni 25. Lizibe. Upande wa pili wa alama ya sawasawa pia ongeza 25, 39 + 25 = 64, mkeka mzima sasa ni 8 kwa 8, toa ile 5 unabaki na x = 3. Fomula ni mkeka huo huo umeshonwa kwa herufi a, b na c badala ya namba.

Binti_Langoni
Shukran sana nyote, ya kwanza imetoka! Mzee wa Malindi swali lako nimelifanya kwa fomula nikapata 3 na −13, hiyo −13 mbona hukuitaja? Halafu swali la pili ni 3x² + 2x + 5 = 0, nimetia mabano kila mahali na bado eror.

Fundi_Malindi
Upande wa mkeka hauwezi kuwa −13 mwanangu, na al-Khwarizmi majibu hasi hakuyahesabu. Wewe kwenye mtihani andika yote mawili, isipokuwa swali likiwa la urefu au umri.

Mkomani_hesabu
Hiyo ya pili hukukosea. 2² − 4×3×5 = 4 − 60 = −56, na hakuna namba halisi ambayo ukiiskwea inaleta hasi. Ukichora grafu yake haigusi mstari wa x popote. Andika −56, sema haina jibu halisi, ukalale.